Lebo Ipo, Maana Haipo: Uhakiki wa Mwongozo wa WCAG 2.2 Kuhusu Fomu za Mtandaoni kwa Msemaji wa Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, toleo la 2.2, unavyoshughulikia fomu za mtandaoni, na kupima utoshelevu wake kwa mtu anayeisoma fomu hiyo kwa Kiswahili. Kwa kuongozwa na Kanuni ya Ushirikiano ya H. P. Grice, inadaiwa kwamba mwongozo huo umekilinda kwa uthabiti chombo kinachobeba swali, yaani lebo, kisanduku na ujumbe wa kosa, lakini lugha ya swali lenyewe umeiweka katika kiwango ambacho taasisi kwa kawaida hazilazimiki kukifikia. Matokeo yake ni kwamba fomu inaweza kufaulu ukaguzi na bado isieleweke. Dai hilo linafafanuliwa kwa mambo manne: upatanisho wa ngeli katika ujumbe wa kosa, majina ya watu, uhesabuji wa saa, na uteuzi wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuita matini kile kilicho na mtunzi, hadhira na dhamira: riwaya, shairi, tamthilia, hotuba, tangazo. Fomu haitajwi sana katika orodha hiyo, ingawa sifa zote tatu inazo. Mtunzi wake ni taasisi, hadhira yake ni mwananchi, na dhamira yake ni kupata majibu ambayo juu yake uamuzi utafanywa: mkopo wa masomo utolewe au usitolewe, cheti cha kuzaliwa kichapishwe au kisichapishwe, mgonjwa apangiwe siku ya kumwona daktari au asipangiwe. Ni chache matini ambazo msomaji wake akizielewa vibaya hupoteza haki yake papo hapo.

Fomu ya karatasi ilikuwa na karani nyuma yake. Aliyeshindwa kuelewa swali aliuliza dirishani, na hata karani mkali alitoa jibu. Fomu ya mtandaoni imemwondoa karani huyo na kuyaacha maneno peke yake. Katika miji mingi ya Kenya na Tanzania nafasi yake imezibwa na vijana wa vyumba vya kompyuta na maduka ya steshenari, ambao huwajazia wateja fomu kwa malipo. Huduma hiyo inawafaa wengi, lakini ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mteja humtajia mtu baki nambari ya kitambulisho chake, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mama yake, na mara nyingine nywila yake. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zinaipa ridhaa ya mwenye taarifa nafasi kubwa. Hata hivyo, ridhaa ya mtu ambaye hakuelewa alichoulizwa, na ambaye kisanduku chake kimewekwa alama na mkono wa mwingine, ni ridhaa ya jina tu.

Kwa hiyo suala la fomu iliyo wazi halihusu urembo wa tovuti. Linahusu nani anaweza kusema na taasisi bila mkalimani, na nani analazimika kuiweka siri yake mikononi mwa mwingine ili ahudumiwe.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Caroline Jarrett na Gerry Gaffney, katika kitabu chao Forms that Work, wanaitazama fomu kuwa na tabaka tatu: uhusiano kati ya taasisi na mjazaji, mazungumzo yanayopita kati yao, na mwonekano wa fomu yenyewe. Tabaka la pili ndilo linalomhusu mwanaisimu. Ikiwa fomu ni mazungumzo, inaweza kupimwa kwa vigezo vya mazungumzo.

Grice, katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kuwa wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kaida nne. Kaida ya kiasi inadai kusema yanayotosha, yasizidi wala kupungua. Kaida ya ubora inadai ukweli. Kaida ya uhusiano inadai kusema yanayohusu jambo lililopo. Kaida ya namna inadai uwazi, ufupi na mpangilio. Zikihamishiwa kwenye fomu, kaida hizi zinageuka kuwa maswali ya uhakiki. Je, fomu inauliza yale tu inayoyahitaji? Je, kila swali linahusiana na huduma iliyoombwa? Je, maneno yake yana maana moja kwa anayeyasoma?

Nadharia hii ina mpaka wake, na mpaka huo una umuhimu hapa. Grice aliwafikiria wazungumzaji wanaoweza kurekebishana. Mmoja akisema jambo lisiloeleweka, mwenziwe hutafuta maana iliyofichika au huuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini fomu haiulizwi. Isitoshe, pande hizi mbili hazina nguvu sawa. Taasisi inapovunja kaida, mjazaji ndiye anayeadhibiwa: kitufe hakifanyi kazi, maandishi mekundu yanatokea, au maombi yanarudishwa. Kwa sababu hiyo, wajibu wa ushirikiano ambao katika maongezi ya kawaida hugawanywa kwa wawili, katika fomu unamwangukia mtunzi karibu wote.

3.0 Ubora wa Mwongozo

Mwongozo unaohakikiwa hapa umetolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 mwezi Oktoba 2023. Toleo hili la karibuni lina vigezo 86 vilivyopangwa chini ya misingi minne: maudhui yahisike, yatumike, yaeleweke, na yawe imara katika vifaa mbalimbali. Kila kigezo kimepewa kiwango cha A, AA au AAA, na sheria na sera nyingi duniani hudai kiwango cha AA.

Kwa upande wa fomu, sifa za mwongozo huu ni nyingi na hazipaswi kubezwa. Kigezo cha 3.3.2 kinadai kila sehemu ya kujaza iwe na lebo au maelekezo. Vigezo vya 1.3.1 na 4.1.2 vinadai lebo hiyo ifungamanishwe na kisanduku chake ndani ya msimbo, ili programu ya kusoma skrini imtajie asiyeona kinachoulizwa. Lebo iliyochorwa tu karibu na kisanduku bila kufungamanishwa inaonekana kwa mwenye macho, lakini kwa asiyeona ni kimya. Kigezo cha 1.4.1 kinakataza rangi kuwa njia pekee ya kuonyesha kosa, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kigezo cha 1.4.3 kinadai maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kwa kigezo hiki hukumu iko wazi dhidi ya mtindo wa kuandika swali kwa kijivu hafifu ndani ya kisanduku. Mtindo huo una kasoro nyingine pia: maandishi hayo hutoweka mara mtu anapoanza kuandika, naye hubaki akijiuliza aliulizwa nini.

Toleo la 2.2 limeongeza mambo matatu yenye manufaa makubwa kwa mtumiaji wa simu ya bei nafuu. Vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24 za kimtindo, au viachiwe nafasi ya kutosha. Taarifa iliyokwisha kuandikwa isidaiwe tena katika hatua nyingine ya fomu ileile. Na mtu asilazimishwe kukariri au kutatua fumbo ili aingie katika akaunti yake bila kupewa njia mbadala. Kwa lugha ya Grice, kanuni ya pili kati ya hizo ni kaida ya kiasi iliyogeuzwa kuwa kiwango cha kiufundi.

4.0 Pengo la Lugha

Udhaifu unaonekana pale msomaji anapoangalia ni wapi mwongozo umeyaweka masharti ya lugha. Kutaja lugha ya ukurasa ni kigezo cha kiwango cha A, na kutaja sehemu zilizo katika lugha nyingine ni cha AA. Lakini kufafanua maneno yasiyo ya kawaida (3.1.3), kufafanua vifupisho (3.1.4), kutozidi kiwango cha usomaji cha elimu ya sekondari ya chini bila kutoa msaada wa ziada (3.1.5), na kutoa msaada kulingana na muktadha (3.3.5), vyote viko AAA. Mwongozo wenyewe hauishauri AAA kuwa sera ya jumla kwa tovuti nzima, kwa hoja kwamba baadhi ya maudhui hayawezi kukidhi vigezo vyake vyote. Hivyo, uwepo wa lebo ni sharti, lakini urahisi wa maneno yake ni hiari. Kigezo cha 2.4.6 cha kiwango cha AA kinadai lebo ieleze mada au kusudi, jambo linaloweza kudhaniwa kuziba pengo hilo. Lakini haielezwi lebo iwe bayana kwa nani, na mkaguzi ambaye hajui Kiswahili hawezi kulipima hilo.

4.1 Upatanisho wa Ngeli katika Ujumbe wa Kosa

Vigezo vya 3.3.1 na 3.3.3 vinadai kosa litajwe kwa maandishi na, inapowezekana, mjazaji apendekezewe namna ya kulirekebisha. Watengenezaji wengi wa tovuti hutimiza sharti la kwanza kwa kiolezo kimoja cha sentensi chenye nafasi ya jina la swali. Kwa Kiingereza njia hiyo haina tatizo, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kufuatana na aina ya nomino. Kwa Kiswahili inaangusha sarufi. Jina linahitajika, kitambulisho kinahitajika, uraia unahitajika, makazi yanahitajika, tarehe inahitajika. Kiolezo kilichoandikwa kwa kiambishi cha i- pekee kitazalisha “Jina inahitajika” na “Kitambulisho inahitajika”. Msomaji ataelewa kwa kubahatisha, lakini atakuwa ameambiwa pia kwamba taasisi haikuona haja ya kusema naye kwa lugha iliyonyooka.

Wapo wanaolikwepa tatizo kwa kutumia “si sahihi”, kwa sababu kitenzi kishirikishi si hakichukui kiambishi cha ngeli. “Jina si sahihi” na “Kitambulisho si sahihi” zote ni sentensi sanifu. Hata hivyo, usanifu huo unaficha uvunjaji wa kaida ya kiasi, kwani mjazaji anaambiwa amekosea bila kuambiwa amekosea wapi. Suluhisho la kweli ni kuacha kiolezo na kumwandikia kila swali ujumbe wake kamili: “Andika tarehe ya kuzaliwa kwa tarakimu, kwa mfano 7/3/1985.” Pale ambapo kiolezo hakiepukiki, nomino moja inaweza kubeba upatanisho kwa niaba ya zote: “Sehemu ya jina haijajazwa”, “Sehemu ya kitambulisho haijajazwa”. Hapo kitenzi kinapatana na sehemu, na mengine yote yanaweza kubadilika.

4.2 Majina ya Watu

Maswali ya “jina la kwanza” na “jina la mwisho”, au “jina la ukoo”, ni Kiswahili kizuri na lebo zake zinaweza kufungamanishwa bila dosari. Kasoro iko katika dhana. Katika jamii nyingi za pwani ya Afrika Mashariki na visiwani, mtu huandikwa kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake. Jina lake la mwisho ni la babu, wala si la ukoo. Akiulizwa jina la ukoo anaweza kuandika, kwa ukweli kabisa, jina ambalo halimo kabisa katika kitambulisho chake. Ameifuata kaida ya ubora, lakini mfumo unaolinganisha majina utamkataa.

W3C yenyewe inalijua jambo hili, kwani imechapisha makala ya ushauri kuhusu majina ya watu duniani na kuwahimiza watengenezaji wafikirie kutumia sehemu moja ya jina kamili. Hata hivyo, ushauri huo umebaki nje ya vigezo. Fomu inaweza kuupuuza na bado ikapata cheti cha AA. Swali lililo salama zaidi kwa msemaji wa Kiswahili ni hili: “Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho.”

4.3 Uhesabuji wa Saa

Msemaji wa Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa tatu asubuhi yake ni 09:00 katika mfumo wa kompyuta. Mgonjwa anayetaka miadi ya saa tatu asubuhi, akaandika 3:00 na kuchagua AM, ameomba kuonana na daktari saa tisa ya usiku. Fomu haitaonyesha kosa lolote, kwa sababu 3:00 AM ni muda halali. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kosa lisilojulikana na upande wowote hadi siku ya miadi. Kigezo cha 3.3.4 kinadai kuwe na nafasi ya kukagua au kurekebisha kabla ya kuwasilisha mambo ya kisheria na ya fedha. Lakini kukagua hakusaidii ikiwa ukurasa wa mapitio unarudia tarakimu zilezile zenye maana mbili. Njia iliyo wazi ni kutoa orodha ya nyakati zilizopo na kuziandika kwa namna zote mbili: “Saa 3:00 asubuhi (09:00)”.

4.4 Uteuzi wa Istilahi

Tatizo la nne linatoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Juhudi za kuunda istilahi za kompyuta zimeipatia lugha maneno mengi yanayofaa, lakini neno linalomfaa mtaalamu si lazima limfae mjazaji. Neno uga, linalotumiwa kwa maana ya sehemu ya kujaza, ni mfano mzuri. Kwa wasemaji wengi uga ni uwanja ulio mbele ya nyumba, na nchini Kenya ni kiwanja cha michezo. Ujumbe “Uga huu ni wa lazima” una upatanisho sahihi na istilahi rasmi, ila mwenye haraka ya kuomba cheti cha mtoto haulewi. “Lazima ujaze hapa” inatosha. Vivyo hivyo, nywila, nenosiri na neno la siri hutumika kwa maana moja, na fomu inayotumia mawili kati ya hayo katika ukurasa mmoja inamfanya msomaji adhani anaombwa vitu viwili.

Kwa asiyeona, tatizo hili lina sura nyingine. Programu ya kusoma skrini huchagua sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa katika msimbo wa ukurasa. Ukurasa wa Kiswahili ulioachwa na alama ya Kiingereza unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na irabu za Kiswahili zikavurugika kiasi cha maneno kutotambulika. Sharti hili ni la kiwango cha A, na tiba yake ni kuandika lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa. NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa, huja na kitamkaji cha eSpeak NG chenye Kiswahili. Kwa hiyo, mahali hapa chombo kipo na kanuni ipo, na kinachokosekana ni uangalifu wa mtengenezaji.

5.0 Lawama ni ya Nani?

Inaweza kujibiwa kwamba kiwango cha kimataifa hakiwezi kutunga sheria kwa kila lugha, na kwamba ngeli za Kiswahili si kazi ya W3C. Jibu hilo lina uzito. Kigezo kinachopaswa kupimika kwa namna moja Tokyo na Tanga hakiwezi kuingia katika undani wa sarufi. Lakini jibu hilo linathibitisha hoja ya uhakiki huu badala ya kuipinga. Ikiwa mwongozo hauwezi kulinda lugha ya swali, basi kuufaulu mwongozo hakupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba fomu inafikika.

Wajibu uliobaki ni wa nchi zinazotumia Kiswahili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Kenya iliuridhia mwaka 2008. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu ufikivu, ikiwemo wa taarifa na mawasiliano. Mwaka 2021 Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Misingi ya kisheria basi haikosekani. Kinachokosekana ni mwongozo wa lugha ya fomu, wenye sentensi kamili zilizojaribiwa kwa wajazaji halisi. Orodha za istilahi pekee haziwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu mjazaji hasomi neno moja moja. Anasoma swali, na mara nyingine karipio.

Sehemu ya lawama inaiangukia pia taaluma ya Kiswahili. Ikiwa fomu ni matini, kuiachia idara ya kompyuta peke yake ni sawa na kumwachia mpiga chapa atunge kitabu. Vigezo vinne vya AAA vilivyotajwa hapo juu vinaweza kufanywa sharti kwa fomu za umma hata kama haviwezi kuwa sharti kwa tovuti nzima, kwa kuwa fomu ni fupi na maneno yake yanahesabika.

6.0 Hitimisho

Mwongozo wa WCAG 2.2 umefanya kazi yake ya msingi. Umehakikisha kwamba swali linamfikia asiyeona, mwenye mikono mizito, asiyetofautisha rangi na mwenye simu ndogo. Haukuhakikisha kwamba swali hilo, likishamfikia, litakuwa na maana moja kwake na kwa aliyeliuliza. Kwa msemaji wa Kiswahili pengo hilo linaonekana katika kiambishi kisichopatana, jina la babu linaloitwa la ukoo, saa iliyosogea kwa saa sita, na uga usio uwanja. Kila moja kati ya hayo linaweza kurekebishwa na mtu mmoja anayeijua lugha, kabla fomu haijawekwa hewani. Lisiporekebishwa, mwananchi atabeba kitambulisho chake hadi kwa kijana wa steshenari, aketi kando, na kumtajia kwa sauti yale ambayo fomu ilipaswa kumuuliza yeye mwenyewe.